Keria Iko Wapi

Kitu cha kwanza walichouliza Tegeres
hakikuwa bei.
Waliizunguka kama fahali wa mnadani,
wakapapasa meno ya tairi, wakagonga fremu kwa kucha,
kisha Mama Kissa, ndoo ya maziwa kichwani,
akauliza: "Keria iko wapi?"

Haina keria.
Haina stendi wala madigadi,
haina pa kufunga mkungu wa matoke
wala pa kumkalisha mgonjwa.
Ina shokomzoba mbili, moja mbele, moja tumboni;
neno lenyewe linadunda mdomoni
kabla hujalimaliza.

Nilimlipa daktari wa mifugo aliyekuwa anahama
misimu miwili ya kahawa na mtamba mmoja.
Wamimbi, fundi wa Mbale, akanionya:
"Hii ya tumboni inakula upepo, si springi.
Lazima ijue uzito wako. Usiidanganye."
Basi nikapanda mizani ya ushirika, yenye vumbi la kahawa,
na karani kwa mazoea akaandika:
Yeko, kilo sitini na moja, daraja la —
akasita, akafuta.

Jumapili, kabla kanisa halijaamka,
nashika njia ya punda.
Kupanda kwanza. Gia nyepesi, pumzi nzito,
mnyororo unasaga kama bibi asiye na haraka,
na sijui kama naipita migomba
au migomba inanipita.
Juu kabisa, pale Karamoja inapoonekana chini
imetandazwa kama ngozi iliyoanikwa,
nasimama, nakula kiazi baridi.

Halafu nateremka.

Mzizi. Jiwe. Mfereji. Jiwe.
Gurudumu la mbele linasema, la nyuma linaitikia,
magoti yamelegea, vidole viwili kwenye breki,
macho mbali, mbali zaidi,
maana ukilitazama jiwe utalipata.
Mlima unanijia kwa ngumi
nami napokea viganja.
Matope mekundu yanaruka, yananichapa mgongoni,
mgongo ambao hauniumi.

Baba alibeba.
Miaka ile ya magendo, usiku, bila taa,
kutoka huku hadi Busia,
magunia mawili ya kahawa juu ya baiskeli nyeusi
yenye fremu ngumu kama amri.
Kila shimo la barabara lilipanda kwenye chuma,
likapita kwenye tandiko,
likaingia uti wa mgongo, likahamia humo.
Baadaye akabeba watu, mpaka hadi mpaka,
wanene, wembamba, bibi harusi mmoja na sanduku lake.
Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Mimi nilisomeshwa na usufi huo.
Leo hawezi kuinama afunge kamba za viatu.

Juzi nilimkuta uani, fimbo ameilaza chini,
kiganja juu ya tandiko,
anabonyeza.
Ikashuka. Ikapanda.
Akabonyeza tena, polepole,
kama mtu anayejaribu godoro dukani
na mfukoni hana kitu.
"Inapumua," akasema.
Kisha, bila kunitazama:
"Hivi vitu, enzi zetu, vilikuwepo?"

Sikujua.
Nikamwambia havikuwepo.

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyerudishiwa chenji kamili.
Jioni nikamwona ameketi kwenye kigoda,
anaisugua kwa shati lake kuukuu,
tope la mlimani linadondoka miguuni pake,
naye ananung'unika peke yake: madigadi, madigadi.
Nilipompelekea chai hakugeuka.
"Na keria," akasema.
"Hata ndogo tu. Ya mkate."